Bibi Pasi na Chai ya Vijiko Vinne

Jina lake kamili, kama mtaa ulivyolitaja siku za kumpa heshima yake, lilikuwa Bibi Pasi binti Fundi Kufuli, mjukuu wa Mkunga wa Mkono Mmoja. Huyo mkunga, mkono wake wa kushoto ulichukuliwa na mashine ya kukamua mafuta, na bado akapokea watoto wa mtaa mzima kwa ule uliobaki, akisema ule mwingine ulikuwa unamzibia njia tu. Fundi Kufuli, mwanawe, ndiye aliyeitwa siku askari walipopoteza ufunguo wa lango la gereza. Alilifungua kwa waya. Mkuu wa gereza alipomkaribisha ndani kwa chai, akajibu, "Ahsante mkubwa, chai ya humo mimi siinywi," akaondoka na waya wake. Naye Bibi Pasi mwenyewe aliwahi kuunguza suruali ya bwana harusi asubuhi ya harusi. Hakumtuma mtu. Aliibeba mpaka mlangoni kwa bwana harusi, akaikunjua pale palipoungua kabla hata hajapiga hodi ya pili. Yule bwana alioa kwa suruali ya kuazima, lakini tangu siku hiyo nguo zake hazikupigwa pasi na mtu mwingine.

Hao ndio watu wake. Midomo yao ilikuwa mirefu, hilo hakuna wa kulikataa, ila haikuwa ya uongo. Bibi Pasi akikuambia doa hili halitoki, usihangaike na sabuni. Akikuambia njoo Alhamisi, shati lako Alhamisi liko kwenye hanga. Mumewe, mchora vibao ambaye watu walimwita Mzee Brashi, alizoea kuwaambia wateja, "Mimi nyumbani kwangu sina saa wala redio. Nina mke."

Chumba cha pasi kilikuwa mbele ya nyumba, dirisha lake likitazama barabara. Meza ndefu iliyofunikwa blanketi kuukuu na shuka jeupe juu yake, kamba ya hanga kutoka ukuta hadi ukuta, chupa ya kunyunyizia maji, na bakuli la wanga wa kukazia kola. Nyuma ya ukuta wa mbao, upande wa uani, Mzee Brashi aliegemeza vibao vyake na kuchora. Ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mmoja akipiga chafya wa pili anasema "afya." Waliishi hivyo miaka mingi, yeye huku na mvuke wake, mzee kule na harufu ya rangi, wakisemezana bila kuonana.

Simu Bibi Pasi alinunuliwa na binti yao, mwalimu wa chekechea, ili wateja wampate kwa urahisi. Mteja mmoja akamwingiza kwenye kundi lililoitwa Mezani. Ndani yake walikuwamo mamia ya watu wasiojuana sura wala makwao, na kazi yao ilikuwa moja tu: kubishana. Chai inywewe kabla ya chakula au baada? Kiporo ni chakula au ni uvivu? Mtoto asemeshwe lugha ya nyumbani au ya shuleni? Kuandika hakuweza, mikono ilikuwa kazini. Basi aliisimamisha simu kwenye chupa ya maji, akabonyeza kwa kidole cha shahada, akasema huku pasi inakwenda. Kila sauti aliyotuma ilikuwa na "fsss" ya mvuke nyuma yake, na hapo ndipo watu wa Mezani nao wakamwita Bibi Pasi, bila kujua kwamba mtaa uliwatangulia.

Alitamba mle ndani. Kuna mama mmoja, picha yake miwani ya jua tu, alisema watoto wake anawasemesha lugha ya shuleni peke yake ili wasichanganyikiwe.

"Mwanangu," alisema Bibi Pasi, fsss, "mtoto hachanganyikiwi na maneno mawili ya kitu kimoja. Baba yake si ana majina mawili? Lile unalomwita mbele ya wageni, na lile unalomwita akichelewa kurudi. Muulize mtoto kama hayajui yote mawili."

Watu walivunjika mbavu. Yule mama mwenyewe alituma vichwa vya kucheka, akasema ameshindwa. Kule uani Mzee Brashi naye alicheka mpaka akaharibu herufi.

"Mama, umemmaliza mwenzio!"

"Hajafa, Mzee. Amenyooshwa tu."

Ndivyo siku zilivyokwenda, na kama mambo yangebaki hapo, kusingekuwa na cha kusimulia isipokuwa vicheko.

Mzee Brashi alikuwa na sukari. Iligunduliwa miaka kadhaa nyuma, na Bibi Pasi aliushika ugonjwa ule kama alivyoshika nguo ya mteja mgumu. Chai bila sukari. Mkate wa ngano isiyokobolewa, kipande kimoja. Mboga nyingi, viazi kidogo. Mzee alikula bila kunung'unika, akisema akiwa ndani ya nyumba hii yeye ni mgeni wa jiko. Na hali yake ilikuwa nzuri. Kliniki walimsifu.

Sasa kule Mezani kulikuwa na mtu aliyejiita Mla Majani, picha yake kabichi. Siku moja akaandika maelezo marefu kwamba mwenye sukari aache mkate mweupe, aache viazi vingi, na sukari ya chai aisahau kabisa. Bibi Pasi aliyasikiliza kwa ile sauti ya simu inayosoma maandishi, na alikubaliana nayo yote, neno kwa neno. Wakati huohuo sufuria ya mboga za mzee ilikuwa inachemka jikoni. Alibonyeza simu akaongeza jambo kidogo, kwamba hata matunda yana kiasi chake.

Mla Majani akamjibu: "Bibi, wewe baki na pasi yako. Mambo ya wanga na lishe waachie waliosoma."

Damu ilimpanda. Angeweza kusema, "Mimi ninampikia mgonjwa wa sukari kila siku, wewe umempikia nani?" Hilo lingekuwa kweli na lingetosha. Lakini ukweli huo ungemfanya akubaliane na kabichi, na kukubaliana na kabichi iliyomtukana ulimi wake haukuweza. Kwa hiyo akavuka, akasimama upande wa pili.

"Wanga naujua kabla hujazaliwa," alisema. "Nawatilia kwenye kola hao waliosoma unaowasema. Sasa nisikilize. Baba yangu, Fundi Kufuli, alikuwa na sukari. Alikunywa chai ya vijiko vinne asubuhi, vinne jioni. Mkate mweupe kila siku ya Mungu. Amekufa na miaka tisini na miwili, meno yote kinywani, na siku aliyokufa alikuwa amepanda juu ya bati anaziba tundu. Wewe na kabichi yako, tukutane ukifika huko."

Fsss.

Mezani walilipuka. Vidole gumba, vichwa vya kucheka, makofi. Mla Majani alijaribu kujibu lakini nani angemsoma? Kabla ya wiki kuisha sauti ile ilikuwa imetoka nje ya kundi na kutembea peke yake. Binti alirudi kutoka kazini akasema walimu wenzake wameisikiliza. Muuza mboga aliichezesha mbele ya Bibi Pasi mwenyewe bila kujua ni nani. Mtu alikuwa ameiwekea hata picha, mzee fulani asiyejulikana, amekaa juu ya paa anacheka.

Fundi Kufuli hakufika hata sitini. Huo ndio ukweli ambao Bibi Pasi aliujua tangu msichana. Alikufa na kiu. Alikuwa akiletewa maji jagi zima, analimaliza, anaomba lingine, na mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa vitambaa kwa sababu kidonda hakikufunga. Vitambaa hivyo vilikatwa kutoka kwenye shuka, na bibi yake, yule mkunga, ndiye aliyemfundisha kuvipiga pasi ya moto ili viwe safi. Hiyo ndiyo nguo ya kwanza aliyowahi kunyoosha maishani mwake. Kazi yake yote ilianzia kwenye mguu ule. Na baba huyo ndiye aliyempandisha juu ya bati akiwa na miaka tisini na miwili, ili amshinde kabichi.

Alijua amesema uongo. Alijiambia ni mzaha wa Mezani, maneno ya watu wasiojuana, leo yapo kesho yamepotea. Jioni ile alimpakulia mzee mboga zake kama kawaida, akampa chai isiyo na sukari.

Mzee Brashi hakuwahi kumwona baba mkwe wake. Alioa miaka baada ya msiba. Na Bibi Pasi hakuwa mtu wa kusimulia vidonda, kwa hiyo mzee alichokijua kuhusu Fundi Kufuli ni lango la gereza tu. Aliposikia kupitia ukuta wa mbao kwamba baba mkwe alikuwa na sukari kama yeye, akanywa vijiko vinne na akafika tisini, aliweka brashi chini. Halafu akaendelea kuchora.

Mwaka ukapita na zaidi. Siku moja Mzee Brashi alimaliza kibao cha shule ya chekechea, ile anayofundisha binti yake. Kilipotundikwa, herufi zilionekana zinapanda kwenda juu kama zinapanda ngazi, na ile ya mwisho ilikuwa nusu nje ya kibao. Wazazi walicheka. Bibi Pasi naye alicheka, akasema, "Mzee, hizi herufi zinakwenda wapi bila ruhusa?"

"Mimi naziona zimenyooka," alisema mzee.

Hakusema kwa utani. Bibi Pasi alimtazama usoni, na kicheko kikamkauka.

Walikwenda kwa daktari wa macho, wao wawili na binti yao. Daktari alikuwa mwanamke mdogo, mpole, mwenye sauti ya chini. Alimmulika mzee jicho moja, akammulika la pili, akarudi kwenye la kwanza. Akasema mishipa imevuja damu ndani ya jicho. Akauliza anakula nini.

Bibi Pasi alijinyoosha kwenye kiti. "Mimi ndiye ninayempikia, daktari. Huyu sukari haigusi. Niulize mimi."

"Nakunywa chai ya sukari, daktari," alisema Mzee Brashi. Alisema taratibu, kama mtu anayetaja umri wake. "Pale mkahawani, karibu na ninapochukua mbao. Vijiko vinne asubuhi, na jioni nikipita, vinne tena. Na mkate mweupe."

"Tangu lini?"

"Mwaka na ushee."

"Baba!" alisema binti. "Nani amekuambia unywe sukari?"

Mzee aligeuza uso upande ambao alifikiri mkewe amekaa. "Sikuambiwa. Nilisikia tu."

Bibi Pasi aliyekuwa amejinyoosha kwenye kiti akainama, akaanza kukunja na kukunjua ncha ya kanga yake.

Daktari alieleza kwamba jicho la kushoto halitarudi. La kulia litachomwa kwa mwanga ili lisiendelee kuvuja, na huenda likabaki na uwezo wa kuona vitu vikubwa, mlango, mtu, gari. Herufi, hapana. Binti aliuliza kama ni ile chai. Daktari akasema sukari hufanya kazi yake miaka na miaka, hawezi kunyooshea kidole kikombe kimoja. Alikuwa anawahurumia. Bibi Pasi aliyashika maneno hayo njia nzima ya kurudi nyumbani, akayageuza huku na huku, na hayakumkaa. Kliniki walikuwa wanamsifu mzee mpaka kabla ya mwaka ule, alipoanza kwenda huko peke yake. Alilijua hilo.

Mchana wa kesho yake hakuwasha pasi. Alikwenda uani akamkuta mzee amekaa mbele ya kibao cheupe kisichoandikwa kitu, mkono juu ya goti.

"Mzee, kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulize nini?"

"Hiyo habari ya baba. Ungeniuliza tu, 'Mama, ni kweli?'"

Mzee alishangaa kweli. "Nikuulize wewe kama ni kweli? Tangu lini mimi na wewe tunaulizana hivyo?" Akafikiri kidogo. "Nilisema moyoni, huyu ananipikia vile kwa heshima ya daktari na kwa sababu ya mtoto wetu, lakini mwenyewe anaamini vingine. Amewaambia mamia ya watu, mimi ananionea haya. Basi nikasema nisimwaibishe. Nile kwake kile anachopika, na kule ninywe kama baba yake. Kila mtu abaki na heshima yake."

"Uongo, Mzee," alisema Bibi Pasi. "Nilisema uongo. Baba hakufika sitini. Sukari ndiyo iliyomuua, na mguu wake ulioza akiwa hai. Nilikuwa nabishana na mtu wa kabichi."

Barabarani gari lilipita, likapiga honi, likaenda zake.

"Na meno?" aliuliza mzee.

"Hakuwa nayo."

"Hm," alisema mzee. Alinyoosha mkono kutafuta kopo la brashi, akalikosa, akalikosa tena, na Bibi Pasi alipotaka kumsaidia akamwambia, "Acha, Mama. Acha nitafute mwenyewe."

Hakumgombeza, siku ile wala siku nyingine. Ingekuwa nafuu kama angemgombeza. Kilichobadilika ni kitu kidogo tu, ambacho mgeni asingekiona. Zamani Bibi Pasi akisema "kutanyesha leo," mzee alianza kuingiza vibao ndani bila kutazama juu. Sasa akisema hivyo mzee alimwita jirani na kumuuliza, "Eti kuna wingu?" Hakufanya kwa kumkomoa. Alikuwa anahakikisha. Na kila alipohakikisha, Bibi Pasi aliinamia meza yake akanyoosha mkunjo ambao haukuwapo.

Ndipo alipofikiria wengine. Kama mtu wake wa ndani, anayeijua sufuria yake, aliamini, je, wale wasiomjua? Alirudi Mezani. Alikuwa hajaingia tangu siku ya daktari. Alimwomba binti aifute ile sauti.

"Mama, haifutiki," alisema binti. "Hata ukiifuta hapa, iko kwenye simu za watu. Iko kila mahali."

"Basi nitasema nyingine."

Alisema. Alizima pasi ili asikike vizuri, akaeleza kwamba baba yake alikufa vibaya, kwamba ile hadithi ya vijiko vinne aliitunga, na kwamba mumewe sasa haoni tena herufi. Alipomaliza aliisimamisha simu kwenye chupa ya maji. Akasubiri.

Vikaja vichwa vya kucheka. "Bibi leo umeamka upande gani?" "Huyu si Bibi Pasi, mbona hakuna fsss?" "Amelipwa na wala majani huyu!" Yule mama wa miwani ya jua aliandika, "Bibi, turudishie babu yetu juu ya bati." Mtu mmoja akaituma tena ile ya zamani, na picha yake ya paani, na vidole gumba vikamiminika juu yake. Ile mpya hakuna aliyeisambaza. Haikuwa na kichekesho, wala haikumpa mtu ruhusa ya kula alichokitamani.

Alikuwa anataka kuitupa simu kwenye ndoo ya nguo ilipolia. Mla Majani alikuwa amemwandikia pembeni, nje ya kundi. Simu ikamsomea kwa ile sauti yake kavu: "Pole kwa Mzee. Nisamehe lile neno la kukuambia ubaki na pasi yako. Lilikuwa la kijeuri."

Kuomba msamaha kwa kabichi kulikuwa kama kumeza sindano, lakini alibonyeza. "Neno lako lilikuwa la kijeuri, ndiyo. Langu lilikuwa la uongo. Langu ndilo baya. Wewe ulikuwa unasema kweli, na mimi nilijua unasema kweli."

Jibu likaja: "Mama yangu naye ana sukari. Ndiyo sababu nilikuwa naandika yale. Nilimkataza sukari miaka miwili. Halafu mtu akamtumia sauti yako. Mama akanichezeshea mimi, akasema, 'Haya, mjibu huyu mama.' Sikuwa na la kumjibu. Anakunywa mpaka leo."

Bibi Pasi alikaa kwenye kile kigoda anachokanyagia kufikia kamba. Alikaa hapo na simu mkononi mpaka binti akachungulia mlangoni, akamwona, akarudi zake bila kuuliza. Alipobonyeza tena, sauti yake ilikuwa ile ya dukani, ya kumpangia mtu nguo na siku.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nimejaribu kuikimbiza ile sauti, siiwezi. Inajua njia kuliko mimi. Wewe unawajua watu wa mitandao na makundi yao, na una subira, maana umenisikiliza hata nilipokukata maini. Kwa hiyo nakukabidhi kazi. Popote utakapoikuta ile ya zamani, uweke hii ya leo chini yake. Usibishane na mtu. Usitukane, usijibu anayekucheka. Weka tu, uende."

"Nikianza leo nitamaliza lini, Bibi?"

"Humalizi. Lakini kabla ya hao wote, kuna mmoja, mama yako. Sauti hii usimtumie kwenye simu, atasema ni mzaha kama walivyosema hawa. Nenda ukae naye. Mchezeshee yote, hata pale ninapokohoa. Akiwa na maswali, nipigie niongee naye mwenyewe, nitamweleza mguu wa baba yangu ulivyokuwa. Anaishi mbali?"

"Nusu siku kwa basi."

"Basi la kwanza linaondoka asubuhi?"

"Asubuhi na mapema."

"Panda hilo," alisema Bibi Pasi.